Kamera begini, memori kiunoni

Kamera ikiibiwa nitalia, nitakopa kwenye kikoba, nitanunua nyingine. Memori yenye harusi ya watu ikipotea, hakuna duka la kununua nyingine. Maharusi hawarudi kanisani, na babu aliyesafirishwa kutoka Ludewa kuja kutoa baraka haitwi tena. Ndiyo maana nikiwa njiani memori nazilinda kuliko kamera yenyewe. Wenzangu wa kazi hii wakiniona nahangaika na zipu ya kiunoni wananicheka. Wacheke.

Mimi ni mpiga picha wa Uyole, Mbeya. Kazi zangu ni harusi, sendofu na vipaimara, na wateja wametawanyika nyanda hizi zote: Tukuyu, Kyela, Makambako, Njombe, Iringa. Usafiri wangu ni basi, Noah na bodaboda. Mara mojamoja napewa lifti na wenye shughuli. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu anayebanana kwenye siti, si ya mwenye gari lake.

Sheria yangu ya kwanza: shughuli ikiisha, memori zilizojaa hazipandi begi moja na kamera. Begi la kamera linajitangaza. Hata ulifunike na koti kuukuu, umbo lake linasema. Basi likisimama Makambako wauzaji wanajaa madirishani, watu wanapanda na kushuka, konda naye anataka begi liende kwenye buti kwa sababu "dada, linaziba njia." Silitoi. Nalipakata. Lakini usingizi wa safari haumwogopi mtu, na siku mwizi akishuka na begi langu, ashuke na kamera. Memori ziko kwenye mkoba mwembamba wa kitambaa, chini ya blauzi, pale mama zetu walipokuwa wanafichia nauli.

Wizi lakini si tatizo kubwa. Memori nyingi haziibiwi, zinapotea. Kadi ya SD ni milimita 32 kwa 24, uzito wake gramu 2 hivi. Unaitia kwenye mfuko wa jinzi pamoja na chenji, unafika Ipogolo unatoa hela ya bajaji, nayo inatoka bila kupiga kelele. MicroSD ndiyo balaa kabisa, milimita 15 kwa 11. Ikidondoka kwenye zulia la gesti utaitafuta kwa tochi ya simu mpaka asubuhi. MicroSD zangu haziachani na adapta zake.

Kasha ninalotumia ni la plastiki ngumu, linaenea kiganjani, lina mpira pembeni wa kuzuia maji, na ndani lina vishimo, kila kadi na chake. Kadi tupu inakaa jina likiangalia juu. Iliyojaa naigeuza kifudifudi na kushusha kile kikufuli chake cha pembeni. Hivyo hata ukumbini taa zikizimwa kwa ajili ya keki, napapasa tu najua ipi ni ipi. Namba naziandika kwa maka peni juu ya plastiki yenyewe. Stika sitaki, hubanduka ndani ya kamera, halafu unaanza kuichokonoa kwa sindano.

Hicho kikufuli watu wanakielewa vibaya. Hakifungi chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Tundu la kamera au la kompyuta ndilo linalokihisi na kukataa kuandika. Ndiyo maana kikikatika, na hukatika, kamera inadai kadi imefungwa wakati wewe hujafunga kitu. Dawa ya papo kwa papo ni kipande kidogo cha selotepu pale kikufuli kilipokuwa, bila kugusa pini, na kadi inaandika kama kawaida. Maliza nayo shughuli ya siku hiyo, kisha iache nyumbani.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na studio Mwanjelwa tangu enzi za filamu, na mpaka leo akisikia napanda ndege Songwe ananionya nisipitishe memori kwenye mashine ya kukagua mizigo. Kwa filamu alikuwa sahihi: eksirei huziharibu, hasa zile zenye ASA kubwa, yaani zinazohisi mwanga haraka. Memori ni kitu kingine. Picha imeshikwa kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya seli, na mashine ya uwanja wa ndege haizigusi. Wala sumaku ya pochi au ya spika haifuti kitu. Mzee namwitikia "sawa baba", nikifika natia kasha kwenye trei pamoja na funguo.

Ninachoogopa mimi ni unyevu na vidole vya baridi.

Wachumba wa siku hizi wanataka picha za kabla ya harusi Kitulo, kwenye maua. Hawajakosea. Hifadhi ile ilitangazwa 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Desemba na Aprili nyasi zinabadilika rangi mpaka unashindwa uanzie wapi. (Wachimba chikanda, yaani viazi vya okidi, wa kuuza Zambia wanazimaliza okidi za milima hii, lakini hasira hiyo nitaiandikia siku nyingine.) Tatizo la kule ni upepo. Vidole vinakufa ganzi, na kubadilisha kadi kwa vidole vya namna hiyo ni kuipanda kwenye majani. Sibadilishi nikiwa nimesimama. Napiga magoti, natandaza kitenge mapajani, kamera juu ya kitenge, kasha wazi kushoto kwangu. Kadi iliyojaa inaingia kwenye kishimo chake kwanza, ndipo tupu inatoka. Mbili hazikai mkononi kwa wakati mmoja. Bibi harusi mtarajiwa anatetemeka ndani ya gauni lisilo na mikono: "Dada, fanya haraka basi." Namwambia, "Vumilia mamii, nakutunzia ndoa yako hapa."

Halafu siku hiyohiyo wanataka machweo ya Matema. Hapo unashuka mpaka chini ya mita 500, kwenye joto lenye unyevu la Ziwa Nyasa. Kamera iliyotoka baridini ukiifungua hapohapo inatoka jasho. Lenzi inafunga ukungu, na ukifungua mlango wa kadi unayakaribisha maji kwenye pini. Mimi kabla ya kuanza kushuka natia kamera na kasha ndani ya kontena la jikoni lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, maana vinanyonya unyevu. Siligusi mpaka vilivyomo vimepata joto la pale. Umande unabaki nje ya kontena. Wenye maduka ya viatu Mwanjelwa wameshanizoea. Wananiwekea vifuko bila kuniuliza navipeleka wapi.

Tukuyu nako ni matope. Mvua ya kule inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na harusi za migombani hazisubiri ikatike. Kadi ikilowa, usiirudishe kwenye kamera "kujaribu". Umeme na maji vikikutana kwenye pini ndipo inapokufa. Ifute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, iache hewani mpaka kesho yake. Usiipulize kwa mdomo, unaiongezea mate. Na mchele wa Kyela uacheni upikwe! Kuizika kadi humo kunaitia vumbi tu.

Joto lenyewe halinisumbui sana. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba kadi hufanya kazi mpaka nyuzi 85 za Selsiasi. Hata hivyo siiachi kwenye dashibodi tukipita Chimala na Igawa mchana, kwa sababu dashibodi ni mahali pa kusahaulia vitu.

Tukifika gesti, kabla ya kula, tunahamisha. Laptopu inakuwa imechajiwa kabisa, maana umeme wa usiku hauna ahadi na mtu. Kila kadi inapata folda yake yenye namba ileile iliyoandikwa mgongoni. Hili nalisisitiza kwa sababu kamera nyingi zikifika picha ya 9999 huanza tena 0001, na kamera mbili za aina moja zinaweza kutoa majina yaleyale. Ukizimwaga zote kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama ifute ya zamani iweke mpya, na kijana anayenishikia taa, akiwa amesimama tangu asubuhi, atabonyeza ndiyo kwa swali lolote ili akalale. Nalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake, nafungua picha chache na kuzivuta mpaka nione kope. Kisha nakala ya pili inaenda kwenye diski ya nje.

Asubuhi tunagawana: laptopu kwenye begi langu, diski kwa kijana, kadi kiunoni. Yeye anakaa siti za nyuma, mimi mbele. Anadhani ni kwa sababu namchoka. Safari isiyo na laptopu natumia kamera ya tundu mbili, kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili, na mwisho wa siku seti moja anaibeba kijana. Kutuma picha WhatsApp usiku kuwafurahisha kina shangazi ni sawa, ila usiihesabu kama nakala, kwa sababu inazibana mpaka ubora unakwisha. Na kupandisha picha ghafi za harusi nzima mtandaoni kwa bando la simu ukiwa Matamba, hiyo ni kazi ya wenye hela.

Kadi mpya haiendi harusini kabla sijaijaribu. Zipo zinazoandikwa 128GB wakati ndani ni ndogo mno. Zinapokea picha zote kwa tabasamu, kumbe baada ya kiasi fulani zinamwaga. Programu ya H2testw kwa wenye Windows, au F3 kwa wenye Linux na Mac, inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena, na uongo unaonekana. Inachukua muda. Iache ifanye kazi wakati unapika.

Kila kadi nikishaifomati ndani ya kamera, picha ya kwanza ninayopiga ni ya karatasi yenye namba yangu ya simu na maneno "Ukiokota, nipigie, zawadi ipo." Atakayeiokota ataichomeka ili aone kuna nini, basi akutane na mimi kwanza.

Kufomati kwenyewe nachelewa makusudi. Kadi inabaki na picha zake mpaka albamu imekabidhiwa na watu wametulia, na wa kwetu hawatulii mapema. Kuna shangazi mmoja wa Tukuyu aliyenipigia albamu ikiwa imeshazunguka ukoo mzima. Bibi harusi hakumtaja, keki hakuitaja. Alitaka picha ya ng'ombe wa mahari, "yule mwenye baka jeupe, mwanangu, siyo yule mwingine." Kwenye albamu sikuwa nimemweka, na laptopu nilikuwa nimeshaisafisha kupisha harusi nyingine. Nikafungua kasha, kadi namba 4, kifudifudi, na ng'ombe alikuwepo na baka lake.