Siku moja maishani mwangu: mwanakarate wa Kigoma anayeuguza mguu

Hapa Mwanga, Kigoma mjini, mtu akisikia unafanya karate anafikiria kuvunja matofali na kupiga watu. Karate yangu ya miezi hii ni kusimama kwa mguu mmoja, na ni kazi ngumu.

Saa kumi na moja alfajiri. Kifundo cha kulia kiliteguka nikitua kutoka kwenye teke la kuruka, na kila asubuhi huwa kimekaza. Nakizungusha nikiwa bado kitandani, kisha nausimamia mguu huo peke yake, macho wazi, halafu macho nimefumba. Kano za upande wa nje zikishavutika, mguu hauhisi tena vizuri umekanyagaje. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Kusimama huku ndiko kunakoufundisha upya.

Saa kumi na mbili na nusu niko Kibirizi, ufukweni. Mitumbwi imerudi, tunapokea dagaa, tunaanika, tunageuza.

Saa nne akaja mama mmoja mnunuzi. Bei tulishakubaliana, gunia limeshafungwa. "Mwanangu, si wewe wa karate? Nibebee mpaka juu barabarani." Nikamwambia, samahani mama, mguu nauuguza, namwita mwenzangu. "Karate gani ya kuchechemea?" Akawaita wenzake waje wanione. Akataka nipige teke nguzo ya chanja aamini. Nilipokataa akadai apunguziwe bei kwa usumbufu, akahesabu pesa upya, akazirudisha kwenye kitenge. Halafu akaanza kunihimiza niende kwa mzee fulani anivute mguu mpaka ulie. Nikamweleza kwa heshima kwamba kano iliyochanika ikivutwa inachanika zaidi. Hakusikia. Mwenzangu alikuwa ameshafika na gunia lipo begani, mama bado anaongea, jua limetukaa utosini. Muda wote ule nilikuwa napandisha visigino na kushusha polepole. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe, yanayojenga misuli ya shavu la mguu inayokishika kifundo, na hakuna aliyeyaona.

Mchana ukapita. Nilikula ugali na migebuka, nikalala kidogo mguu nimeuinua juu ya gunia, maana ukisimama kutwa unavimba.

Jioni dojo, ukumbi wetu wa mazoezi. Wenzangu wanaingia kumite, yaani kupigana wawili wawili, mimi sensei, mwalimu wetu, ananipa Heian Shodan, kata moja, yaani mfululizo wa miondoko unaoufanya peke yako. Wasiojua huiona kata ya watoto. Ina miondoko 21 na haina teke hata moja, lakini imejaa kugeuka na kutua kwenye msimamo wa zenkutsu-dachi, goti la mbele limekunjwa, na uzito mwingi unaangukia kifundo cha mbele. Naifanya polepole mpaka gi, nguo ya karate, inalowa. Nimechoka kuliko waliopigana, na najivunia.

Mwisho sensei alinipima: niruke kwa mguu mzima, kisha kwa huu, nitue bila maumivu na bila kuyumba. Kuyumba sikuyumba. Maumivu yalikuja kidogo upande wa nje. "Kumite bado," akasema. Nikainama, "Oss", itikio letu la heshima, nikarudi kwenye kata.