Mlango unaofungwa bila sauti

Mwezi Februari, miaka michache iliyopita, nilikuwa nikipitia takwimu za matumizi ya majarida ya kielektroniki katika maktaba ya chuo kikuu ninapofanya kazi, hapa Tanzania. Majarida ya uuguzi na ukunga, ambayo kwa kawaida hufunguliwa mara mia kadhaa kwa mwezi, yalikuwa yamefunguliwa mara 4 tu. Kwanza nilidhani ripoti ina hitilafu. Nilipofuatilia niligundua kwamba mwanzoni mwa Januari chuo kilikuwa kimehamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti, anwani zetu zote za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wa chuo kwenye intaneti, zikabadilika, na wachapishaji tuliokwisha kuwalipa wakaendelea kuzitambua zile za zamani. Kwa wiki tano wanafunzi wetu walikuwa wakibofya makala na kukutana na ukurasa unaowataka walipe dola 30 au zaidi ili wasome makala moja. Katika wiki zote hizo hakuna hata mmoja aliyefika kwenye dawati letu kuuliza.

Kimya hicho kilinifundisha kazi ya kusimamia rasilimali za kielektroniki kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Kitabu kikikosekana, msomaji huliona pengo rafuni na humfuata mkutubi. Makala ikikataa kufunguka, mwanafunzi hudhani kwamba chuo hakikulipia, au simu yake ndiyo mbovu, au bando limekaribia kwisha. Basi hurudi kwenye intaneti na kuchukua chochote kinachofunguka bure, kiwe kizuri au kibaya. Tasnifu itaandikwa kwa hicho alichokipata, na msimamizi wake atamlaumu kwa kutumia marejeo dhaifu, ilhali kosa lilikuwa letu.

Wasiofanya kazi hii huamini kwamba chuo kikishalipa, kazi imekwisha. Hali halisi ni kwamba malipo ni mwanzo tu. Mchapishaji hajui sura zetu wala vitambulisho vyetu. Anachokijua ni orodha ya anwani za IP tulizomkabidhi, na ombi lolote linalotoka nje ya orodha hiyo kwake ni la mgeni. Mwanafunzi aliye kwenye chumba cha kompyuta hupita, na huyo huyo akirudi kwao Mbagala au Kigoma huzuiwa. Ndiyo maana tunatumia proksi, yaani kompyuta ya chuo inayomtaka msomaji aingize jina na nenosiri lake, kisha inamwombea makala kwa kutumia anwani ya chuo. Programu inayotumiwa na maktaba nyingi duniani kwa kazi hiyo ni EZproxy, ambayo ilibuniwa mwaka 1999 na mkutubi wa Marekani, Chris Zagar, kisha ikanunuliwa na OCLC, shirika la Marekani la huduma za maktaba, mwaka 2008. Hunifurahisha kukumbuka kwamba ilitoka mikononi mwa mkutubi, kwa sababu ni mtu aliyekaa dawatini tu ndiye angeliona tatizo hilo kwa ukaribu wa kutosha.

Umuhimu wake tuliuona Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mpaka vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, usajili wote tulioulipia kwa kutegemea anwani za IP za chuo peke yake haukuwa na faida kwa mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa nyumbani. Proksi yetu wakati huo ilikuwepo, lakini ilikuwa imesanidiwa kwa hifadhidata chache, na wanafunzi wengi hawakuwa na akaunti kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanazihitaji. Niliandikisha akaunti mpaka usiku kwa wiki kadhaa, nikijua kila siku kwamba kazi hiyo ilipaswa kufanywa miaka miwili kabla.

Nikiulizwa ni sehemu gani ya kazi hii inayonikosesha usingizi, nitasema ni fedha, na simaanishi uchache wake peke yake bali pia kalenda yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, ilhali usajili wa majarida mengi hufuata mwaka wa kawaida, Januari hadi Desemba. Ankara huwasili kati ya Septemba na Novemba, wakati ambapo fedha za robo ya kwanza zimekwisha kutumika na za robo ya pili bado zinasubiriwa. Bajeti yetu imeandikwa kwa shilingi na ankara imeandikwa kwa dola, kwa hiyo kati ya siku bajeti inapopitishwa na siku benki inapotuma malipo, shilingi inaweza kushuka kiasi cha kutulazimisha tuache hifadhidata moja ili tuweze kulipia nyingine. Ofisi ya ununuzi hudai ushindani wa wazabuni, na ina haki ya kudai hivyo, lakini jarida huwa na mchapishaji mmoja tu, na kila mwaka inanibidi niandike upya maelezo ya kwa nini hakuna muuzaji wa pili. Kisha huja kodi ya zuio: ikikatwa kwenye malipo, mchapishaji aliyeko Uholanzi au Uingereza hupokea pungufu ya alichoandika kwenye ankara, na hutuhesabu kuwa tunadaiwa. Siku hizi barua ya kuomba muda wa nyongeza huiandika Oktoba, kabla ya deni kuwepo, na suala la kodi huliweka ndani ya mkataba. Kabla ya hapo, kila Januari ilikuwa ni mwezi wa kukatiwa huduma.

Tusingefika popote bila kushirikiana. Kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, tunajadiliana na wachapishaji tukiwa kundi badala ya kila chuo kwenda peke yake, na chuo kidogo hupata bei ambayo kisingeipata kikisimama peke yake. Wenzetu wa Kenya wana KLISC kwa kazi hiyo hiyo. Pamoja na hayo kuna Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, nao ulikua kidogo kidogo: Hinari ya Shirika la Afya Duniani ilianza mwaka 2002, AGORA ya masuala ya kilimo ikafuata mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006, ARDI ya teknolojia mwaka 2009, na GOALI ya sheria mwaka 2018. Ni neema kubwa kwa nchi kama yetu, na kwa sababu hiyo huniuma ninapoona nenosiri la taasisi limesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wasiohusika, jambo linalokatazwa na masharti ya mpango wenyewe. Ijapokuwa ni neema, sipendi chuo kiitegemee peke yake. Anayepewa bure huwa nje ya mazungumzo, na masharti ya kustahili huamuliwa mbali na sisi.

Kuhusu takwimu nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaukubali. Wachapishaji wengi hutoa ripoti zao kwa kufuata COUNTER, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu matumizi ya rasilimali za kielektroniki, ambayo toleo lake la tano lilianza kutumika rasmi Januari 2019. Toleo hilo liliongeza hesabu ya makala za pekee, hivyo msomaji anayefungua makala ile ile kwanza kama ukurasa wa tovuti na kisha kama PDF anaweza kuhesabiwa mara moja badala ya mara mbili. Kutokana na ripoti hizo tunagawanya bei kwa matumizi na kupata gharama ya kila makala iliyosomwa. Kipimo hiki kinasaidia, ila hakifai kuachiwa kiamue peke yake. Idara yenye wanafunzi 12 wa uzamili haiwezi kushindana na shule ya tiba kwa idadi ya mibofyo, na bado jarida moja la isimu likifutwa, utafiti wa watu hao 12 husimama. Mimi huanza na sehemu ya ripoti ambayo wengi huiruka, ile inayoonyesha mara ngapi msomaji alifika kwenye makala akakataliwa kwa kukosa leseni. Humo ndimo walimo wale wasiofika dawatini. Mwaka juzi ripoti hiyo ilionyesha jarida moja la afya ya mifugo ambalo hatukuwa nalo likiombwa mara nyingi kuliko matatu tuliyokuwa tukiyalipia, na tulilisajili kwa fedha za mojawapo ya hayo matatu.

Jambo ambalo ningependa kila mkutubi kijana alisome kwa makini kabla ya sahihi kuwekwa ni kipengele cha mkataba kinachoeleza nini kitabaki siku tutakapoacha kulipa. Kitabu kilichonunuliwa mwaka 1975 bado kiko rafuni hata kama bajeti ya mwaka huo imesahaulika. Jarida la kielektroniki tulilolilipia miaka kumi linaweza kutoweka lote kwa siku moja, pamoja na matoleo ya miaka ile ile tuliyoilipia, ikiwa mkataba haukutaja haki ya kuendelea kusoma. Kuna hazina za kuhifadhi kama Portico na CLOCKSS, lakini hizo zimekusudiwa hasa kwa majarida ambayo wachapishaji wenyewe wameacha kuyatoa. Haki yetu huandikwa kwenye mkataba au hukosekana kabisa.

Tangu ile Februari, kila Jumatatu saa mbili asubuhi hukaa na simu yangu, nikazima Wi-Fi ya chuo, nikaingia kupitia proksi kama mwanafunzi aliye nyumbani, na kufungua makala moja katika kila hifadhidata, makala nzima hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu muhtasari hufunguka hata kwa asiyelipa. Hifadhidata zetu ni 31 na kazi hiyo huchukua karibu saa moja na nusu. Jumatatu iliyopita mbili hazikufunguka. Moja mchapishaji alikuwa amehamisha tovuti bila kutuarifu, nikarekebisha mipangilio ya proksi kabla ya chakula cha mchana. Nyingine, ya famasia, nimeiandikia barua pepe mara mbili na bado sijajibiwa, kwa hiyo nimebandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kompyuta na kwenye ukurasa wa maktaba kwamba usajili huo umelipiwa hadi Desemba, na kwamba atakayeombwa dola anijulishe.