Barua Niliyoiandika Mimi

Jumanne ya wiki hii jiji lilileta mawe. Yalishushwa kwa kreni, moja baada ya jingine, makubwa kiasi kwamba wanaume wanne wasingeweza kulisogeza hata moja, yakapangwa chini ya daraja mahali ambapo kwa miezi kumi na minne palikuwa na mahema na maturubai ya watu wasio na makazi. Leo asubuhi nimepita hapo nikienda kazini, nikasimama, nikagundua kwamba nafasi iliyoachwa baina ya jiwe na jiwe haimtoshi mtu kunyoosha miguu. Aliyeyapanga alikuwa amepiga hesabu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa wetu, na barua ya malalamiko iliyoleta mawe hayo niliiandika mimi, kwa hiyo nimeona niandike na haya.

Kambi ile haikuota mahali popote tu. Ilikuwa kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya reli, barabara na mfereji wa maji ya mvua, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina mwenyewe. Tulipoanza kuulizia nani anahusika, ofisi ya barabara ilitueleza kwamba mamlaka yake yanaishia kwenye nguzo za daraja. Watu wa reli wakasema eneo lao linaanzia kwenye uzio. Na mhandisi wa mifereji, ambaye ndiye pekee aliyekuja akaangalia kwa macho yake, akasema kwamba kazi yake ni maji yanayopita na si watu wanaolala kando ya maji hayo. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wenyeji wa kambi waliijua ramani hiyo kuliko sisi. Mtu aliyekwisha kufukuzwa mara tano hujifunza kutafuta mahali ambapo anayetaka kumfukuza atalazimika kwanza kuandikiana barua na mwenzake.

Mwanzoni lilikuwa hema moja, kisha manne, na hakuna aliyesema neno. Wapo majirani waliopeleka mablanketi. Mama wa nyumba ya kona, ambaye baadaye alikuwa wa kwanza kutia saini barua yangu, ndiye aliyewaruhusu kuchota maji kwenye bomba la bustani yake kwa zaidi ya miezi mitatu. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ni rahisi kuisimulia habari hii kana kwamba sisi wa juu ya daraja tulikuwa na mioyo ya mawe tangu siku ya kwanza. Yaliyogeuza hali yalikuwa mambo ya kweli. Idadi ya watu ilifika thelathini na mmoja. Moto wa kuni ulishika turubai usiku wa manane ukalamba ukuta wa nyumba ambamo mtoto mchanga alikuwa amelala. Muuguzi mmoja anayerudi kutoka zamu ya usiku alifuatwa hadi mlangoni kwake na mtu aliyekuwa akipiga kelele, na ingawa hakuguswa, tangu siku hiyo alikuwa akilipia teksi kwa mwendo wa dakika nane. Halafu kinyesi. Watoto wanaokwenda shule huvuka mfereji ule, na asubuhi moja mwanangu alirudi nyumbani analia, ameshika kiatu kimoja mkononi, na mimi nilikiosha kiatu hicho mara tatu huku nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani.

Kwenye mkutano wetu wa kwanza na maofisa wa jiji, mzee mmoja mstaafu aliuliza kwa nini tusiombe choo cha kuhamishika, kwa kuwa watu thelathini na mmoja lazima wajisaidie mahali fulani. Afisa wa afya alijibu kwamba kitaalamu anakubaliana naye, ila ofisi yake haiwezi kuweka choo mahali ambapo kisheria hakuna mtu anayeishi, maana kuweka choo ni kukiri kwamba watu wapo na kwamba kesho watakuwapo. Nililiandika jibu hilo kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno, na daftari bado ninalo. Afisa ustawi wa jamii aliyeketi pembeni yake aliinamisha kichwa akaendelea kuchorachora kwenye karatasi, nami nikawa na hakika kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kulisikia. Mstaafu hakuuliza tena. Nusu saa baadaye kamati ikanituma niandike barua.

Najivunia kuandika vizuri, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitafuta neno lisilomchoma mtu, nikaliona neno "usafi", nikaandika katika aya ya tatu kwamba wakazi wanaliomba jiji lirejeshe usafi wa eneo la chini ya daraja. Wote walilipenda. Hata wale waliosita, ambao wasingekubali kuweka majina yao chini ya karatasi inayosema watu waondolewe, hawakuona shida kutia saini kwa ajili ya usafi, na kwa jioni mbili tu nilikuwa na saini sitini na nne. Ukiomba watu waondolewe, mtu atakuuliza waende wapi. Ukiomba eneo lisafishwe, swali hilo halizuki, kwa sababu hakuna anayeuliza takataka zitalala wapi.

Tulipokuwa tukisubiri majibu nilianza kusoma usiku, kwanza kwa kutafuta hoja za kuimarisha barua, kisha kwa sababu sikuweza kuacha. Niligundua kwamba namna yetu ya kuzungumza juu ya watu hawa ina umri mkubwa. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji iliyofanya kulala nje kuwa kosa la jinai, na sheria za namna hiyo zikasafiri hadi kwenye makoloni, zikabaki katika vitabu vya nchi nyingi za Afrika muda mrefu baada ya bendera kushushwa. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake ya kukosa makazi au kazi zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Nilipomsomea mwenyekiti wetu habari hiyo alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama mahakama hiyo imesema lolote kuhusu mfereji.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda kwingine. Katika mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon nchini Marekani, kanuni za mji zilikataza kulala katika maeneo ya umma kwa kutumia hata blanketi kama sehemu ya kujihifadhi, na faini ya kuanzia ilikuwa dola 295. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya ukanda wa magharibi, katika kesi iliyouhusu mji wa Boise, ilikuwa imesema kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kulala nje iwapo hakuna kitanda cha hifadhi kinachopatikana. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba kanuni za Grants Pass hazivunji marufuku ya kikatiba ya adhabu za kikatili. Jaji Sonia Sotomayor, aliyepinga, alikumbusha kwamba usingizi ni hitaji la mwili wala si kosa. Katika mwaka huohuo, hesabu ya usiku mmoja wa Januari nchini humo ilikuta watu 771,480 hawana makazi. Nilikaa na tarakimu hiyo kwa muda. Nchi yenye fedha kiasi kile inabishana mbele ya majaji tisa kuhusu blanketi.

Majibu ya barua yetu yalikuja kwa namna ya ilani. Ilibandikwa kwenye nguzo za daraja ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe, ikawapa wahusika siku tatu za kuondoka, na katika mstari wa pili ikanukuu maneno yangu: "kurejesha usafi wa eneo". Nilijisikia kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika chumba asichomo.

Siku ya operesheni nilikwenda. Nilijiambia kwamba nakwenda kama katibu, kushuhudia. Maofisa hawakuwa wakali. Hili lazima niliseme, kwa kuwa askari mmoja wa jiji alimsaidia mama mwenye mguu mbovu kuvuka mfereji na kumbebea sufuria zake. Lakini lori lilifika saa moja asubuhi, wakati ambapo nusu ya watu walikuwa wamekwenda kuchota maji, kuokota chupa za kuuza au kupanga foleni ya vibarua, na kitu kisichokuwa na mwenyewe wa kukisimamia kilihesabiwa kuwa takataka. Mzee wa turubai la bluu alirudi akiwa na madumu mawili, akayaweka chini taratibu bila kumwaga, akaanza kueleza kwamba katika ndoo nyeupe yenye mfuniko kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na kitambulisho chake na cha mkewe, kadi ya kliniki, na vidonge vya mkewe vya shinikizo la damu vya mwezi mzima. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka akalitazama lori, nasi sote tukalitazama, na ndoo nyeupe zilizokuwa zinaonekana humo zilikuwa saba au nane, zimelaliwa na magodoro.

Mwaka 2012 mahakama ileile ya rufaa ya Marekani iliamua, katika kesi dhidi ya jiji la Los Angeles, kwamba mali ya mtu asiye na makazi haiwi takataka kwa sababu tu ameiacha kidogo kando ya njia akaenda kuoga au kutafuta choo, na kwamba jiji haliwezi kuikamata na kuiharibu papo hapo. Nilikuwa nimeyasoma hayo wiki mbili kabla. Sikufungua mdomo. Sheria ya kwao si sheria ya kwetu, nilijiambia, na hilo ni kweli, lakini nakiri kwamba kilichonizuia kilikuwa aibu ya kuonekana nageuka mbele ya jirani zangu.

Afisa ustawi wa jamii alikuwa na orodha ya vitanda kumi na viwili katika hifadhi ya usiku. Saba tu ndivyo vilivyochukuliwa, na jioni ile kwenye kundi letu la simu wapo walioandika kwamba sasa imedhihirika: hawa watu hawataki kusaidiwa. Mimi nilikuwa nimemwuliza mzee kwa nini amekataa. Aliniambia, "Mwanangu, kule wanaume wanalala upande wao na wanawake upande wao. Huyu mke wangu usiku nani atamshika akitaka kusimama? Na saa kumi na mbili asubuhi wote mko nje na mizigo yenu." Hakulalamika. Alinieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kuna nchi iliyoyapanga mambo kinyume na hivi, nayo ni Ufini. Kuanzia mwaka 2008 serikali yake na majiji yake makubwa walikubaliana kumpa mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wa kupanga ulio katika jina lake, bila kumtaka aache pombe au apate kazi ndipo astahili, na mabweni ya hifadhi yakageuzwa hatua kwa hatua kuwa vyumba vya kujitegemea. Idadi ya wanaoishi muda mrefu bila makazi ikashuka sana. Niliyasema haya kwenye kikao cha tathmini, kwa bidii zaidi kuliko ilivyonipasa, na mama wa nyumba ya kona akaniuliza swali moja: nyumba hizo zikijengwa hapa, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kwako, utatia saini? Nilisema ndiyo. Alinitazama kwa muda, akatabasamu, akasema na yeye angesema ndiyo akiwa kikaoni. Hata kule Ufini majirani walilalamika. Katika baadhi ya nyumba hizo wafanyakazi na wapangaji wamekuwa wakitoka kuokota taka mitaani na kukutana na majirani, kazi ya miaka, si ya mkutano mmoja.

Watu wetu hawakwenda mbali. Wengi wapo nyuma ya ghala bovu, ng'ambo ya reli, umbali wa nusu kilomita hivi, pasipo na taa wala bomba. Muuguzi anayejitolea kuwafunga vidonda aliniambia kwamba ilimchukua wiki tatu kumpata mgonjwa wake mmoja, na alipompata kidonda kilikuwa kimerudi pale alipoanzia. Mzee sijamwona. Huku kwetu mfereji ni msafi, watoto wanavuka bila kutazama chini, na mwanangu ana viatu vipya. Sitadanganya kwamba sifurahii.

Jana jioni nilipata ujumbe kutoka kwa katibu wa wakazi wa upande wa ghala. Amesikia kwamba barua yetu iliandikwa vizuri na ilifanya kazi haraka, anaomba nakala ili abadilishe jina la mtaa tu. Nimeifungua faili mara mbili. Usiku huu nimeifuta aya ya tatu, nikaweka mahali pake ombi la choo, la bomba moja la maji, na la orodha ya mali itakayosimamiwa na mtu mwenye jina kabla ya lori lolote kufika. Mwishoni nimeongeza mstari unaoanza na maneno "Baada ya hapo watu hawa watahamia", nikaacha nafasi wazi, ili wao na jiji waijaze kabla ya mtu yeyote kutia saini. Nimemtumia saa tano na dakika kumi. Ameisoma, alama zinaonyesha, ila bado hajajibu.