Mafuta ya Pasaka

Bibi mzaa baba alikuwa akiniita "mume wangu". Aliyelelewa na bibi anaujua utani huu: ukifaulu mtihani, bibi anatamba kwamba mume wake ana akili, ukikataa uji, anasema mume wake kanuna, akatafute mke mwingine. Siku aliyoacha kuniita hivyo ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka ya mwaka 1996. Nilikuwa na miaka 12.

Kwetu ni Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba chetu, yaani shamba linaloizunguka nyumba, hakikuwa kikubwa, na kila kipande kilikuwa na kazi zaidi ya moja: migomba juu, kahawa kwenye kivuli chake, magimbi penye unyevu karibu na mfongo, yaani mfereji wa maji, majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta ili udongo usiteremkie kwa jirani. Bustani ya mboga ya mama ilikuwa nyuma ya jiko, na nyuma ya bustani banda la ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mmoja, chotara mwekundu mwenye doa jeupe usoni, jina lake Bahati. Hakuwa akitoka. Kihambani hakuna pa kuchungia. Ng'ombe anakaa bandani na majani ndiyo yanayomfuata, kichwani mwa mama, kichwani mwa dada, na siku zisizo za shule, kichwani mwangu.

Januari na Februari ilikuwa miezi ya njaa kwa Bahati. Tulimlisha mabua makavu yaliyopandishwa kutoka shamba la chini, kule tambarare kuelekea Himo, na vigogo vya migomba tulivyovikatakata kwa panga. Kigogo cha mgomba ni maji matupu. Kinajaza tumbo lakini hakijengi mwili. Mbavu zikaanza kuhesabika. Maziwa yakashuka mpaka mama akimaliza kukamua anaitikisa ndoo kwanza, utadhani yamejificha.

Masika ikaingia katikati ya Machi, na kila kitu kikataka kufanywa siku hiyohiyo. Maharage yapandwe, kabichi na sukuma wiki zitolewe kitaluni zipandikizwe, samadi itolewe bandani ipelekwe kwenye mashina ya migomba, machipukizi yapunguzwe. Ng'ombe naye apakwe dawa, maana kupe huisubiri masika kama sisi, na ndigana kali, homa wanayoileta, haibishi hodi. Baba alikuwa kazini Tanga; tulimtegemea Ijumaa Kuu. Kwa hiyo yote hayo yalikuwa ya mama, dada, mimi, na bibi ambaye goti lake lilikuwa likimsumbua kila mvua ikinyesha.

Maharage yale niliyapanda mimi. Mama alitangulia akichimba vishimo kwa ncha ya jembe, akaniambia punje mbili kila kishimo. Mistari mitatu ya kwanza niliitendea haki. Kwenye wa nne nikawasikia wenzangu wakipigia mpira wa makaratasi pale njiapanda, nikaanza kutupa konzi, nikifukia haraka kwa mguu. Udongo hauna siri. Baada ya siku chache mistari mitatu ilichomoza kwa adabu, mingine yote ikatoka vichaka vichaka kama mafagio. Mama aliviangalia muda mrefu. "Utaving'oa mwenyewe," akasema.

Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya Jumatano ile. Mama na dada walishuka shamba la chini mapema kwenda kupalilia mahindi, na kabla ya kuondoka mama alisimama mlangoni amejifunga kanga kichwani, akanipa maagizo ninayoyakumbuka hata leo kwa mpangilio wake: ng'oa maharage yaliyozidi, kata majani, yatandaze yanyauke, ndipo umpe Bahati. "Majani yaliyolowa usimpe. Umenisikia?" Nikaitika. Niliitika kwa mdomo tu.

Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu usiku. Niling'oa maharage, laini, meusi kwa ubichi, yakitoka na mizizi na udongo wake. Nikaongeza marando ya viazi yaliyokuwa yamevamia njia, na yale majani mafupi yenye vijani vitatu vitatu yanayotambaa pembeni mwa mfongo, ambayo masika huyaotesha kama zulia. Vikapu vitatu vikajaa. Kila kitu kilikuwa kikichuruzika maji. Kuyatandaza kungekuwa kuyasubiri, na kusubiri kungekuwa saa nzima au zaidi, tena bila jua.

Niseme ukweli wote: haikuwa haraka ya mpira peke yake. Bahati alikuwa ameshanusa. Alikuwa ametoa kichwa chote juu ya mti wa kihori, pua imelowa, akinguruma ule mngurumo mfupi wa kifuani ambao ng'ombe humwitia ndama wake. Baada ya miezi miwili ya mabua, kumwonyesha majani halafu ukayatandaza pembeni ayatazame, niliona ni ukatili. Nikavimwaga vikapu vyote vitatu. Hakuwa anatafuna, alikuwa anavuta, makonzi kwa makonzi, na mizizi ikining'inia pembeni ya mdomo. Nilisimama nikimtazama kwa furaha kabisa, kisha nikaenda mpirani.

Niliporudi ilikuwa kama saa sita. Ukimtazama ng'ombe kwa nyuma, upande wa kushoto, baada ya ubavu wa mwisho na kabla ya mfupa wa nyonga, pana shimo. Kiangazi kile shimo la Bahati lingeweza kubeba bakuli. Sasa palikuwa na kilima. Kilikuwa kimepanda kuliko uti wa mgongo, ngozi imekazwa mpaka manyoya yamesimama. Hakuwa anacheua. Alikuwa ameinyoosha shingo mbele, ulimi nje, mate yanavutika kama uzi, na kila mara anajipiga tumboni kwa mguu wa nyuma, kama anamfukuza mtu.

Nikapiga kelele. Bibi akaja na fimbo yake, polepole kama kawaida, mpaka alipofika mlangoni mwa banda akamwona. Hapo goti likasahauliwa. Alimgonga ubavuni kwa vidole viwili. Ukalia kama ngoma iliyotoka kuwambwa.

"Umempa nini?"

"Majani."

Akainama kihorini, akaokota mche mmoja wa maharage uliosalia, akaukung'uta udongo kwenye mizizi, akanishikisha mkononi.

"Wewe mtoto," akasema.

Kuanzia hapo hakusema nami ila kwa amri. Nikamwite jirani. Jirani akaja, akamtuma kijana wake kwa baiskeli akamtafute bwana mifugo, kisha akashauri tumnyweshe mafuta ya taa, kwamba yeye ameona yakiponya. Bibi alimjibu bila kugeuka: "Mafuta ya taa kanywe wewe." Akaniambia nikalete mafuta ya kula.

Mafuta hayo nilijua yalipo. Yalikuwa kabatini kwenye kidumu cha lita moja ambacho hakijafunguliwa, mama aliyanunua kwa pesa za maziwa alizozidunduliza tangu mwanzo wa Kwaresima, kwa ajili ya chapati za Pasaka. Nilisimama na kidumu mkononi pale jikoni, nikijishauri kama nimkumbushe bibi. Nikamsikia ananiita kwa jina langu la ubatizo, lote. Nikakimbia.

Tulimtoa Bahati nje, tukamsimamisha kwenye njia ya mteremko, kichwa juu na makalio chini, ili tumbo lirudi nyuma na kifua kipate nafasi. Kwetu mteremko si wa kutafuta. Bibi alikata kijiti cha mkahawa kinene kama dole gumba, akakipitisha mdomoni kama hatamu na kukifunga nyuma ya pembe kwa kamba ya mgomba, ili asiache kutafuna na mate yaendelee kumiminika. Kisha akajaza mafuta kwenye chupa ya soda. Mimi nilishika taya. "Usimwinue sana, yataingia mapafuni," akasema, akamimina kwenye kona ya mdomo, kidogo, anangoja ameze, kidogo tena. Ulimi wa Bahati ulikuwa wa moto na mkavu juu, unakwaruza kama msasa. Mafuta yaliyomponyoka yaliteremka mkononi mwangu mpaka kwenye kiwiko. Chupa moja ikaisha. Bibi akajaza ya pili, na nusu yake ikaingia, nusu ikamwagika Bahati alipotikisa kichwa.

Baada ya hapo ilikuwa kukanda. Jirani alikanda kwa ngumi, mimi kwa viganja, tunapokezana, mvua nayo imekolea. Pumzi za Bahati zilizidi kuwa fupi. Akayumba miguu ya nyuma. Hapo bibi akamwambia jirani alete kile kisu chake chembamba, akiweke juu ya jani la mgomba. Akapima kwa mkono: kutoka mfupa wa nyonga, kutoka ubavu wa mwisho, kutoka uti wa mgongo, na katikati akaweka kidole chake na kukiacha hapo.

"Mama yangu alitoboa wawili," akasema, sijui kwa nani. "Mmoja alipona."

Kidole kilikaa pale. Mimi sikuwa naangalia kitu kingine duniani ila kidole kile, kucha yake iliyopasuka, na ngozi nyekundu ikipanda na kushuka chini yake. Halafu kitu kikanguruma mle ndani, mbali, kama gari zito linapanda kona ya chini. Bahati akanyoosha shingo akapiga mbweu. Sijasikia mbweu ndefu kama ile, na harufu yake ilikuwa ya mbege, pombe ya ndizi, iliyochachuka ikichanganyika na maharage mabichi, ikatupiga usoni sote watatu. Akapiga ya pili. Kilima kikaanza kushuka chini ya kidole cha bibi, taratibu, mpaka kidole kikabaki hewani.

Bibi akaketi palepale kwenye tope.

Bwana mifugo alifika jioni akiwa amelowa, alikuwa kijiji kingine siku nzima. Alimpima, akasema tumefanya vyema, akanieleza kwa subira ambayo sikustahili: majani machanga ya jamii ya maharage, yakilowa na yakiliwa kwa pupa na ng'ombe mwenye njaa, hufanya povu kwenye tumbo la kwanza. Hewa inafungwa ndani ya povu, haipati njia ya kutoka kwa kubeua, na tumbo likijaa linayabana mapafu. Mafuta yanapasua povu. Akatoa kwenye mkoba chuma chenye ncha kilichovikwa mrija, akasema hata chenyewe, tumbo likiwa na povu, mara nyingi hakifui dafu, sembuse kisu. Bibi hakulipenda neno hilo. Alisema kwamba mama yake hakuwa na mkoba.

Mama na dada walirudi giza likiingia, miguu imevaa matope mpaka magotini, kila mmoja na mzigo wa majani kichwani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Nikamsikia bibi: "Ng'ombe alivimbiwa. Mafuta nimeyatumia mimi." Basi. Mama alikwenda bandani, akakaa huko muda, akarudi kwa kupitia bustanini. Sijui gizani aliona nini, lakini mistari ya maharage ilikuwa imenyonyolewa na aliyeiagiza ni yeye. Hakunichapa. Aliniambia nikaoge mafuta yale yanitoke.

Pasaka tulikula ndizi kwa nyama ya mbuzi, na baba alipouliza chapati ziko wapi, bibi alisema Bahati amezila zote peke yake. Baba alicheka akidhani ni utani. Dada akatazama sahani yake.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Alhamisi. Bibi aliniamsha kukiwa bado na ukungu kwenye migomba. Tulikata majani ya Guatemala, mimi nakata yeye anaelekeza kwa fimbo, tukayatandaza juu ya bati la banda la kuku, jani kwa jani, yasilaliane. Akavuta kigoda akaketi. Jua lilikuja na kuondoka, likaja tena. Bahati, mbavu zake zimerudi, alitoa kichwa juu ya kihori na kuanza ule mngurumo wa kifuani.

Nikapanda kwenye jiwe, nikachukua konzi moja, nikaiminya. Maji yakapita katikati ya vidole.

"Bado," akasema bibi.

Nikangoja. Nikaminya tena. Kiganja kilikuwa na unyevu tu.

"Haya sasa je?"

Akanyoosha mkono nikampa konzi ile. Akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Bado, mume wangu."