Zile Chupa za Duka la Peremende

Jana usiku nilichemsha sukari na maji. Kipimajoto kilipokaribia nyuzi 150 nikadondosha tone kwenye maji baridi. Likakauka papo hapo, na nilipolivunja likalia ka! Nikamimina kwenye sahani iliyopakwa mafuta, nikakata vipande, nikaviacha mezani. Vilikuwa vinang'aa kama kioo.

Asubuhi nimevikuta vimelowa, vinanata, vimeshikana bonge moja. Sukari ya aina hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na mimi sikuifunika. Nimecheka, kisha nikazikumbuka zile chupa kubwa zenye vifuniko. Siku zote nilidhani ni pambo la duka! Kumbe zinailinda peremende na hewa, na papo hapo zinaiacha ionekane.

Chupa hizo zinanikumbusha rafu za wauza dawa, na si bure. Zamani Ulaya sukari ilikuwa ghali, ikiuzwa na wauza dawa kama tiba, au ya kufunika uchungu wa dawa nyingine. Mwaka 1847 huko Boston, Oliver Chase alibuni mashine ya kukatia vidonge vya kumung'unya, na kazi ikahama taratibu kutoka dawa hadi peremende. Sukari nayo ilikuwa ikishuka bei. Siwezi kuupita utamu huo bila kuwataja watumwa waliokata miwa yake kwa karne nyingi. Inaniuma kila nikiufikiria.

Pateley Bridge, Uingereza, lipo duka lililofunguliwa mwaka 1827 ambalo bado linauza peremende. Huko Uingereza mgao wa peremende ulianza 1942 wakati wa vita. Aprili 1949 ukaondolewa, watu wakamiminika madukani hadi peremende zikaadimika, na Agosti ukarudishwa. Uliisha kabisa tarehe 5 Februari 1953. Ninamfikiria mtoto wa miaka kumi siku ile, ambaye maisha yake karibu yote kila peremende ilikuwa ya kuhesabiwa, amesimama mbele ya chupa zilizojaa, akiulizwa: unataka ipi?

Swali hilo ndilo ninalolipenda kuliko utamu wenyewe. Mtoto hupangiwa chakula, nguo, hata saa ya kulala. Pale kaunta mtu mzima humsubiri aamue.

Nimelivunja lile bonge, nimelichemsha upya. Chupa nimeshaiosha, inakauka dirishani, na kifuniko chake pembeni.