Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa nyayo, Engaresero

Saa 12 asubuhi. Jua halijachomoza upande wa mlima Gelai na mimi nimeshavua viatu. Mbele yangu kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizoganda kwenye tope la majivu ya volkano karibu na Ziwa Natron. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 6,000 hivi na 19,000. Aliyeziona kwanza ni mwanakijiji mwenzetu. Wataalamu walikuja baadaye. Kazi yangu asubuhi ni kutafuta kilichoongezeka usiku: ufa, mchanga, kwato. Leo ni kwato za mbuzi, pembeni tu, nashukuru.

Saa 2. Wageni. Nawaeleza utafiti wa 2020: watu 17 walipita hapa pamoja, na 14 kati yao inaelekea walikuwa wanawake. Yeyo (mama, kwa Kimaasai) mmoja anayeuza shanga akadakia, "Wanaume wao walikuwa wamelala bomani." Wageni hawakuelewa, sisi tulicheka.

Saa 5. Kikao cha kutunza nyayo, chini ya mgunga, na hapa ndipo siku ilipokwenda. Kuna waliopendekeza njia ya mifugo ifungwe kabisa. Mzee mmoja akauliza, "Ng'ombe wangu wanywe maji wapi, kwenye karatasi yenu?" Ana haki. Katazo linaloandikwa bila wachungaji huvunjwa na mtoto wa miaka tisa mwenye fimbo, tena bila kujua. Tukakubaliana mifugo izunguke upande wa juu na njia ipangwe kwa mawe.

Mwingine akataka nyayo zifukiwe, kama zile nyayo za kale za Laetoli, kule Ngorongoro, zilivyofukiwa miaka ya 1990. Kitaalamu ni hoja nzito, maana upepo na mvua vinazila nyayo kila mwaka. Lakini shanga za akina mama zitauzwa kwa nani? Hilo halikuisha. Tutawauliza watu wa malikale, wanaosimamia mambo ya kale.

Saa 10. Mawe, pamoja na morani wawili. Mgongo unauma, sina zaidi.

Saa 2 usiku. Naandika muhtasari kwa tochi ya simu. Kesho naupeleka kwa mtendaji wa kijiji, ukiwa na majina mawili mapya ya kamati: yule yeyo wa shanga, na mama anayechunga mbuzi wenye zile kwato.