Siku Mbili za Ubao wa Sentimita: Mtera na Ruaha Mdogo

Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Julai, majira ambayo baridi ya Ugogo humlazimisha hata mwenyeji wa miaka mingi kuvaa koti zito. Tulikuwa watatu garini: mimi, rafiki yangu mwalimu wa sekondari, na kijana fundi umeme ambaye alijifunza kutengeneza inzi wa bandia kabla ya kujifunza kuwarusha. Nyuma ya viti tulikuwa tumelaza fito za kuvulia, nyavu ndogo za mkono, na ubao mrefu wenye alama za sentimita. Wenzetu watatu wa Iringa walikuwa wakitusubiri Mtera, na makubaliano yetu yalikuwa kushindana kuvua kwa inzi wa bandia kwa siku mbili, ya kwanza katika bwawa la Mtera na ya pili katika mto Ruaha Mdogo.

Barabara ya Iringa inapita Mpunguzi kwenye mashamba ya mizabibu, kisha Mlowa Barabarani, Fufu na Chipogoro, na kwa sehemu kubwa ya njia msafiri husindikizwa na mibuyu ambayo mwezi huo haina hata jani moja. Baada ya Chipogoro nchi huanza kushuka, joto likapanda, nasi tukavua makoti. Mara bwawa likaonekana, jeupe kama bati jipya, na ndani yake ile miti mikavu iliyosimama tangu maji yalipoifunika takriban miaka arobaini na mitano iliyopita.

Uvuvi wa inzi wa bandia hautumii chambo kilicho hai wala risasi ya kuzamisha mshipi. Inzi mwenyewe ni manyoya machache ya kuku na uzi uliozungushwa juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kumfikisha popote. Kwa hiyo mshipi ndio uliotengenezwa mzito, na mvuvi huupunga nyuma na mbele hewani mpaka unyooke, ndipo aulaze juu ya maji bila kishindo. Mashindano ya dunia ya uvuvi huu yalianza Luxembourg mwaka 1981, na kanuni zake ndizo tulizozifuata kadiri mazingira yetu yalivyoruhusu: ufito usizidi mita 3.66, ndoana iwe haina kile kijino kinachozuia isichomoke, kila kipindi kiwe cha saa tatu, na kila samaki apimwe urefu kisha arudishwe majini akiwa hai. Samaki mmoja ana alama 100, na kila sentimita ya urefu wake huongeza alama 20. Mwisho wa kipindi washindani hupangwa kwa nafasi, na timu ambayo jumla ya nafasi zake ni ndogo ndiyo hushinda.

Katika boti huketi watu wawili wa timu mbili tofauti. Mimi nilipangwa na muuguzi wa Iringa, dada aliyejifunza uvuvi huu utotoni kwenye vijito vya Mufindi, ambako samaki aina ya trauti waliletwa na walowezi wakati wa ukoloni. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Migoli. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akacheka na kuitikia, ingawa alitueleza baadaye kwamba wazazi wake walihamia hapo kwa sababu ya samaki, kama walivyofanya watu wengi wa pwani ya bwawa hilo.

Katika mabwawa ya Uingereza, ambako mtindo huu wa kuvua kutoka kwenye boti umekomaa sana, boti huachwa ikisukumwa na upepo kwa ubavu, huku wavuvi wakirusha mbele yake. Nimewahi kusoma sana juu ya Rutland Water, bwawa linalosifiwa na washindani wote, lakini eneo lake halizidi kilomita za mraba 13, ilhali Mtera ikijaa hupita kilomita za mraba 600. Maji mapana namna hiyo hayamsamehe mtu anayerusha ovyo. Mzee alifunga kiroba cha salfeti kwenye kamba, akakitupa upande wa upepo ili kipunguze mwendo wa boti, kisha akatuuliza tunatafuta nini.

"Perege, Mzee," akasema dada. "Na yule mwenye meno, tukimpata."

"Perege wako kule kwenye miti, maji ya kiunoni. Mwenye meno haishi na miti, mwanangu. Yeye anafuata mto."

"Mto upi, Mzee?"

"Ruaha. Haujaondoka. Uko chini yetu."

Akatuonyesha kwa kasia: kutoka kwenye kisiki kirefu chenye kiota cha mnandi, kukata kuelekea kilima cha upande wa Iringa, ndipo ulipopita mkondo wa Ruaha Mkuu kabla ya ukuta kujengwa. Nilikuwa nimeifahamu Mtera miaka yote kwa habari za umeme, kwamba mitambo yake ina megawati 80 na kwamba maji yake huhifadhiwa pia kwa ajili ya Kidatu yenye megawati 204 huko chini. Sikuwahi kufikiri kwamba samaki bado wanaukumbuka mto.

Hapo ndipo tulipoachana kimawazo, mimi na dada, tukiwa katika boti moja. Yeye aliomba tuanzie kwenye miti, akafunga inzi mdogo wa rangi ya matope, akamwacha azame na kumvuta polepole mno, kiasi kwamba mshipi ulionekana kama umelala. Perege hamkimbilii inzi; humvuta ndani kwa kinywa kama mtu anayekunywa uji wa moto, na mvuvi asiyeangalia mshipi wake kwa makini hatajua kitu. Kabla ya saa nne na nusu alikuwa amepima wanne: sentimita 20, 21, 22 na 24. Mmoja wao alikuwa jike mwenye mayai kinywani, kwa kuwa perege jike huatamia mayai yake mdomoni, na dada alimpima ndani ya maji kwa haraka, bila kumwinua, ili asiyateme. Mimi miti ilinipokonya inzi watatu.

Zamu yangu ya kuchagua mahali ilipofika, niliomba twende kwenye mkondo. Nilifunga inzi mrefu mweupe kwenye kipande cha waya mwembamba, kwa sababu yule samaki mwenye meno, ambaye wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe, hukata uzi wa kawaida kama wembe. Nilirusha kwa muda wa saa nzima bila kuguswa. Kisha mshipi ukasimama ghafla, ukakata maji kwenda kushoto, na samaki akaruka nje mara mbili, mwili wake wa fedha wenye mistari myeusi ukimeta juani, na mikono yangu ikatetemeka. Alikuwa na sentimita 48. Nilimshika chini ya maji mpaka mkia wake ulipopata nguvu, nikamwachia.

Mzee alimtazama akizama. "Huyo ni mboga ya familia nzima," alisema, bila hasira, kisha akauliza kwa nini tunamrudisha. Nilimweleza habari za kanuni na za kuhesabu kwa sentimita, naye akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye hawezi kuvua hivyo, kwa kuwa ana watu wanaokula, lakini angefurahi kama wale wanaokokota makokoro karibu na mazalia wangerudisha angalau wadogo. Sikuwa na la kuongeza, na hata sasa naona kwamba alisema jambo zito kuliko maelezo yangu yote.

Saa sita upepo ulizidi tukarudi ufukweni kuhesabu. Kibebe wangu alikuwa na alama 1,060. Perege wawili tu wa sentimita 22 wangenipita kwa alama 20, na dada alikuwa na wanne, jumla 2,140. Yeye akawa wa kwanza, mimi wa tatu. Nafasi za Iringa zilifika 9, zetu 12.

Siku ya pili tulivua Ruaha Mdogo, nje kidogo ya mji wa Iringa, maji ya magotini kati ya mawe. Mtoni mtu hupewa kipande chake cha maji asichoruhusiwa kukivuka, naye huvua kwa mshipi mfupi huku ameinua ufito, inzi akibingirika chini kama mdudu aliyeng'olewa jiweni. Samaki walikuwa wadogo, wenye sharubu, na wakali kuliko umbo lao. Fundi wetu wa umeme aliongoza wote, na nafasi zetu zilikuwa 10 na za Iringa 11. Lakini kwa jumla ya siku mbili Iringa wakatushinda, 20 kwa 22. Kilichonikaa moyoni ni kwamba maji yaliyokuwa yakinipiga miguuni yalikuwa njiani kuelekea kule kule tulikotoka jana.

Jioni, tukirudi Dodoma, tulisimama Mtera kununua perege wa kukaanga. Mzee alikuwepo akikunja nyavu. Nilimpa inzi wawili weupe, akawachomeka kwenye kofia yake.

"Njooni Novemba," alisema. "Maji yakishuka, kona za mto zitaonekana kwa macho. Nitawaonyesha moja baada ya nyingine."

Mwalimu aliandika namba yake ya simu, tukapanda gari.